Usitoe Mji Mapema: Kufumbua Mafumbo Magumu ya Sataranji Bila Kidokezo

Nyumbani kwetu Mwandiga, baada ya chakula cha usiku, tulikuwa tunategana vitendawili. Aliyeshindwa hakupewa jibu bure. Mtegaji alimwambia, "Nipe mji," naye akatoa mji: Kasulu, Uvinza, Tabora, hata Bujumbura ng'ambo ya mpaka. Mtegaji akishaupokea alijitamba nao kwanza, akaeleza alivyokwenda huko na alivyopokewa, ndipo akataja jibu. Dada yangu mkubwa hakuwa mtu wa kutoa miji. Alilala na kitendawili, akaamka nacho, akaenda nacho bombani, na pengine siku ya tatu, sisi tumeshasahau, alisimama mlangoni na jibu. Nilipoanza kuhangaika na mafumbo ya sataranji ukubwani ndipo nilipoelewa alikuwa anafanya nini. Mwongozo huu unafuata njia yake.

Sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, ni mgeni hapa kwetu. Kijiweni, pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu, mchezo unaotawala ni drafti: ubao wa plaiwudi uliochorwa miraba, vizibo vya soda, vya mmoja vimelala chali na vya mwenzake vimefunikwa. Wazee wana bao lao. Chesi imeingia kwa njia ya simu. Lakini aliyekulia kwenye drafti haji kwenye chesi mikono mitupu. Katika drafti kula ni lazima, kwa hiyo mchezaji mzuri hutoa kete yake moja makusudi, mwenzake akalazimika kula, kisha yeye akala tatu. Na mcheza bao amezoea kuhesabu kete zitakavyozunguka mashimo na zitakapoishia kabla hajanyanyua hata moja. Kumlazimisha mwenzako, na kuuona mwisho kabla ya kugusa: uwezo huo ndio unaohitajika katika fumbo la sataranji, na tayari unao. Hata hesabu zinakutana. Bao lina kete 64. Ubao wa sataranji una miraba 64.

Tukubaliane majina kwanza. Nitasema mfalme, malkia, ngome (inayokwenda moja kwa moja), askofu (anayekwenda mshazari), farasi na kitunda. Safu za wima ni a mpaka h, kuanzia kushoto kwa Mweupe. Safu za mlalo ni 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Mfalme akitishiwa, hiyo ni cheki. Akitishiwa na akawa hana pa kutokea, amefungwa na mchezo umekwisha.

Sasa, kidokezo ni nini? Watu wengi wanadhani ni kile kitufe cha kuomba msaada kwenye simu, basi. Mimi nilidhani hivyo. Kwa miezi mingi nilifanya mafumbo kwenye simu bila kukigusa kitufe hicho, namba zangu zikapanda, nikajiona nimeiva. Kisha nikakaa kwenye ubao wa mbao na kijana wa Kidato cha Pili, mtoto wa jirani. Katikati ya mchezo nilipata nafasi ya kumfunga mfalme wake kwa hatua mbili na sikuiona. Yeye ndiye aliyenionyesha tulipomaliza. Fumbo la namna ileile nilikuwa nimelifumbua kwenye simu mara nyingi. Tofauti ni moja: simu ilikuwa inaniambia kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitafuta vidokezo vilivyojificha, na ni vingi. Maneno "Mweupe anamfunga mfalme kwa hatua tatu" ni kidokezo kikubwa sana, kwa sababu yanakukataza kufikiria jambo lingine lolote. Jina la somo juu ya fumbo, kwamba hapa tunafanya mazoezi ya farasi, ni kidokezo. Namba ya ugumu ni kidokezo. Kilicho kibaya kuliko vyote ni ile alama ya kijani inayotokea mara tu unapogusa hatua ya kwanza. Umebahatisha hatua moja, simu imekwambia "sawa," mpinzani amejibu mwenyewe, nawe unaendelea kubahatisha ya pili. Ukifika mwisho unaandikiwa kwamba umefumbua, wakati kazi yote ya kuona mbele imefanywa na simu.

Dawa yake ni kuondoa fumbo kwenye simu. Lipange kwenye ubao. Kama huna, chukua upande wa boksi la sabuni, chora miraba nane kwa nane, paka wino mraba mmoja na kuruka mmoja, na hakikisha kona ya chini mkono wa kulia wa kila mchezaji ni mraba mweupe. Vizibo vinatosha kuwa kete: bandika karatasi yenye herufi juu ya kila kimoja, na vitunda viache vitupu. Usiuone huu kuwa umaskini. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe jijini Kampala, alijifunza katika kibanda ambako Robert Katende aliwafundisha watoto wa mtaani na kuwapa uji, na mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji. Ubao wa mkononi una faida ambayo kioo hakina: ukipanga kete moja moja, unalazimika kuiona kila kete, hata ile ya pembeni inayoonekana haina kazi. Mara nyingi ndiyo yenye kazi.

Weka na daftari. Kanuni yangu ya kwanza, na ndiyo ngumu kuishika, ni kwamba hakuna kete inayosogezwa kabla ya jibu lote kuandikwa, mpaka mwisho, pamoja na majibu ya mpinzani.

Twende kwenye fumbo lenyewe. Panga hivi. Mweupe ana mfalme h2, malkia c4, farasi g5, na vitunda g2 na h3. Mweusi ana mfalme h8, malkia b2, ngome e8, na vitunda g7 na h7. Zamu ni ya Mweupe. Ukitaka kujaribu mwenyewe, simama hapa usome tena kesho. Nitakayoyaandika chini ni jibu.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Nifanye nini?" Anza kwa kuuliza mwenzako anataka nini. Kama zamu ingekuwa yake, angefanya nini? Mfuate malkia mweusi kutoka b2 kwa mshazari: c3, d4, e5. Akifika e5 anampa mfalme wako cheki ya mshazari, na papo hapo anamwangalia farasi wako wa g5. Mfalme akishajiokoa, farasi ameliwa. Kwa hiyo huna nafasi ya kutembea polepole. Andika "e5" pembeni mwa ukurasa, maana mraba huo utarudi.

Kisha mwendee mfalme unayemwinda, uhesabu milango yake. Yuko h8. Miraba ya g7 na h7 imejaa vitunda vyake mwenyewe. Umebaki g8, na g8 inaangaliwa na malkia wako kutoka c4, kwa mshazari wa d5, e6, f7. Yaani sasa hivi, kabla hujafanya lolote, mfalme huyu hana pa kwenda. Hapo damu inachemka na mkono unataka kugusa. Subiri kidogo.

Orodhesha cheki zote ulizonazo, hata za kipuuzi. Hapa ziko mbili tu. Ya kwanza: malkia aende g8. Ya pili: farasi aende f7.

Malkia g8 inapendeza mno. Ngome ikimla, farasi anaruka f7 na mfalme amefungwa, amesongwa na watu wake mwenyewe. Lakini hilo ni jibu unalolitamani wewe. Jibu la Mweusi ni lipi? Mfalme anamla malkia mwenyewe, kwa sababu g8 haina mlinzi, na umebaki na farasi mmoja na aibu. Basi, hatua imeshindwa. Hapa ndipo wengi huitupa na kwenda kutafuta kingine, na hapa ndipo ninapokuomba uwe mvumilivu kuliko mahali pengine pote. Hatua iliyoshindwa usiitupe. Iulize: umeshindwa kwa sababu gani? Andika sababu kwa sentensi moja. "Malkia g8 inashindwa kwa sababu mfalme anamla." Sentensi hiyo inazaa swali jipya ambalo ni dogo na linashikika: nani anaweza kuilinda g8 ili mfalme asithubutu kula? Kitunda hakifiki huko. Farasi anaweza, akiwa h6. Je, farasi anaweza kutoka g5 mpaka h6 bila kumpa Mweusi nafasi ya kufanya ile e5 yake? Anaweza, iwapo kila hatua yake njiani itakuwa cheki.

Sasa rudi kwenye cheki ya pili. Farasi f7. Angalia kinachotokea: farasi huyu ameziba njia ya malkia wake mwenyewe, kwa hiyo g8 imefunguka. Mfalme anakwenda g8, hana njia nyingine. Lakini farasi akiondoka tena f7, njia ya malkia inafunguka na mfalme yuko ndani yake. Farasi anaweza kwenda anakotaka na bado ni cheki. Anakwenda wapi?

Tamaa inamvuta d6, kwa sababu kutoka pale anaitishia ngome ya e8. Mfuatilie mpaka mwisho. Mfalme anarudi h8, farasi anaila ngome, na Mweusi anacheza malkia e5. Ule mraba wetu. Ni cheki kwa mfalme wa h2, na kwa safu ya wima malkia huyohuyo anamwangalia farasi aliyeko e8. Mfalme akishajiokoa, farasi ameliwa. Mmebaki sawa kwa sawa. Asiyeuliza mwanzoni Mweusi anataka nini huliona shimo hili akiwa ameshatumbukia.

Farasi aende h6. Sasa mfalme ana cheki mbili kwa pamoja, ya malkia na ya farasi. Kitunda cha g7 kingependa kumla farasi, lakini akiliwa bado malkia anamtishia mfalme, na kwa hatua moja huwezi kuzuia viwili. Lazima mfalme akimbie. Akikimbilia f8, malkia anakwenda f7 akilindwa na farasi, na mchezo umekwisha. Akirudi h8, tunamrudia malkia wetu tuliyemkatia tamaa: g8. Safari hii mfalme hawezi kumla, farasi analinda. Ngome lazima imle. Farasi anarudi f7, na mfalme hana pa kupumulia: ngome yake iko g8, vitunda vyake viko g7 na h7. Amefungwa.

Namna hii ya kumfunga mfalme imo katika kitabu cha Mhispania Lucena kilichochapishwa mwaka 1497. Imefanywa mara maelfu tangu hapo, na bado kila anayeiona mwenyewe kwa mara ya kwanza husimama kutoka kitini. Ukionyeshwa na kidokezo, husimami.

Nimekaa muda mrefu kwenye fumbo hili kwa sababu ndani yake imo karibu njia yote: anataka nini, mfalme ana milango mingapi, cheki zipo ngapi, jibu lake kali ni lipi, na hatua iliyoshindwa imeshindwa kwa nini. Baada ya cheki, kula. Baada ya kula, vitisho. Fuata mpangilio huo kwa sababu cheki humwachia mwenzako majibu machache, na majibu machache yanahesabika kichwani.

Lakini yapo mafumbo ambayo mpangilio huu hautoshi, na ndiyo magumu kweli. Mwaka 1895 gazeti moja la Glasgow, Uskoti, lilichapisha nafasi iliyoandaliwa na Georges Barbier, mwandishi wake wa safu ya sataranji. Ina kete nne tu. Mweupe: mfalme b6, kitunda c7. Mweusi: mfalme a1, ngome d5, na zamu ni yake. Barbier alionyesha kwamba Mweusi, ingawa kitunda kinakimbilia kuwa malkia, anaponyoka na kupata sare.

Ipange. Ngome inatoa cheki d6. Mfalme asiende b7, maana ngome itakwenda d7 na kukibana kitunda mpaka kiliwe. Asiende c5 pia, maana ngome itashuka d1, na kitunda kikishageuka malkia inatoa cheki c1 na kumla malkia mgongoni mwa mfalme. Mfalme anakwenda b5. Cheki d5, mfalme b4. Cheki d4, mfalme b3. Cheki d3, mfalme c2, na cheki zimekwisha. Mweusi anaonekana amekufa. Ndipo anapocheza ngome d4, tulivu kabisa. Kitunda kikigeuka malkia kwenye c8, ngome inakwenda c4, cheki, na inajitoa iliwe. Malkia akiila, mfalme mweusi wa a1 hana hata mraba mmoja wa kukanyaga, wala hajatishiwa, wala hana kete nyingine ya kusogeza. Kwa sheria, hiyo ni sare. Barbier aliishia hapo.

Mjini Glasgow alikuwako padri wa Kihispania, Fernando Saavedra. Hakuwa bingwa wa lolote. Aliliangalia jibu lililokwisha kuchapwa, akalikataa. Kitunda kikifika c8, alisema, kisigeuzwe malkia, kigeuzwe ngome. Sasa Mweusi akijitoa c4 na kuliwa, mfalme wake ana a2 ya kukanyagia, hakuna sare. Na ngome mpya inatishia kwenda a8 na kumfunga mfalme. Mweusi ana kinga moja, ngome a4. Mfalme mweupe anasogea b3, hatua moja ndogo, na kwa pamoja anaitishia ngome ile na kufungua c1 kwa ngome yake kumfunga mfalme. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili. Mweupe anashinda. Leo nafasi hii inaitwa kwa jina la Saavedra dunia nzima, na Saavedra hana jingine kubwa analokumbukwa nalo kwenye mchezo huu.

Nampenda sana padri huyu. Kila mtu mwingine aliyesoma gazeti lile alipewa kidokezo, na kidokezo kilikuwa kibovu: kilisema sare, wakaona sare. Yeye alikaa kwenye ubao kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Kuna kazi mbili za kujifunza kwake. Ukikwama kabisa, rudi kwenye sheria zenyewe za mchezo, uzisome moja moja kama mgeni. Kitunda kinaweza kugeuka nini? Malkia, ngome, askofu, farasi. Je, kuna uwezekano wa sare kwa kukosa pa kwenda? Je, kitunda kinaweza kula njiani kile kilichoruka miraba miwili? Je, mfalme bado ana haki ya kujikinga na ngome yake? Mtunzi wa fumbo hupenda kujificha nyuma ya sheria unayoijua lakini hukuitumia mwezi mzima. Ya pili: tafuta hatua tulivu. Mfalme b3 si cheki, si kula, na macho ya mtu aliyezoea mafumbo ya simu huipita. Ukimaliza cheki zote na hakuna iliyofanya kazi, jiulize ni mraba gani mmoja ungependa uzibwe au ulindwe, kisha tafuta hatua ya pole inayofanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye miji. Daftari langu lina ukurasa wa nyuma ulioandikwa "Miji niliyotoa." Fumbo nalipa vikao vitatu. Kila kikao ni kama robo saa, si zaidi, na kati ya kikao na kikao lazima usiku upite. Kikao cha kwanza huwa ni cha kuorodhesha tu. Cha pili huwa ni cha kuuliza sababu za kushindwa. Kati yake na cha tatu, fumbo hutembea nami: kwenye daladala ya kwenda Kigoma mjini, kwenye foleni, shambani nikipalilia. Nafasi yenye kete chache unaweza kuibeba kichwani, na kuibeba ni mazoezi makubwa kuliko kuitazama. Kikao cha tatu kikiisha bila jibu, natoa mji. Naandika tarehe, nafasi yenyewe, na jina la mji: "Nimetoa Kibondo." Ndipo ninaangalia jibu. Na baada ya wiki mbili nalipanga tena fumbo lile bila kuangalia. Nikiliona lote mpaka mwisho, naufuta mji, umerudi kwangu. Ukijua kwamba kushindwa kunaandikwa na kuna jina, hutoi mji kwa uvivu.

Usione vikao vitatu ni vingi. Neno sataranji lenyewe tumelipata kutoka kwa Waarabu, ambao walikuwa na mafumbo ya ubaoni karne nyingi kabla ya Lucena. As-Suli, mchezaji mkubwa wa Baghdad wa karne ya 10, aliacha fumbo moja la mchezo wa wakati ule ambalo lilikaa miaka zaidi ya elfu moja bila kufumbuliwa, mpaka Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, alipolifanyia kazi katika miaka ya 1980.

Kuhusu ugumu wa mafumbo unayochagua, nitasema kwa ufupi. Ukiyafumbua yote kwa dakika moja moja, unajifurahisha. Ukitoa mji kila siku, umeruka darasa, shuka kidogo. Na usidharau yale mepesi kabisa, kumi kila asubuhi. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walionyesha kwamba mabingwa hukumbuka nafasi ya mchezo halisi kwa kuiangalia sekunde chache tu, lakini kete zikitawanywa ovyo, ubora wao karibu wote unatoweka. Bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Amezoea sura za ubaoni, kama mvuvi anavyomjua mgebuka na kuhe kwa mgongo tu, kabla samaki hajageuka. Mafumbo mepesi hukujazia sura hizo. Magumu hukufundisha kuzihoji.

Kama unalazimika kutumia simu, tumia programu kama Lichess, ambayo ni ya bure na hupakua mafumbo kadhaa ili uyafanye hata bando likiisha. Funika kwa kidole maneno yanayotaja somo. Andika jibu lote kwenye daftari kwanza, ndipo uguse. Ukikosea hatua ya tatu, hesabu umekosea fumbo zima.

Lakini bora kuliko simu ni mtu. Mpe mwenzako upande mweusi na kazi moja: akutafutie jibu kali kuliko yote kwa kila hatua unayotaka kucheza. Si kazi yake kukwambia hatua sahihi, hata akiijua. Hili ni gumu kijiweni kwetu, ambako kila mtazamaji ana mdomo, na kelele za "Kula pale! Kula pale!" zinasikika mpaka stendi. Sisi tumeweka sheria: anayetoa hatua ya mwenzake ananunua kahawa ya wote. Kahawa ya Kalinzi ni tamu, na wiki ya kwanza tuliinywa sana. Siku hizi watu wamenyamaza, na ukimya ule juu ya ubao, watu saba wamejikunja na hakuna anayesema, ni kitu ambacho natamani kila mwanafunzi wa shule akipate angalau mara moja kwa wiki.

Mwenzangu wa kazi hiyo ni mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Usiku wa giza yuko ziwani na taa, simpati. Mwezi ukijaa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa ufukweni, naye anapanda Mwandiga. Kwa hiyo fumbo letu kubwa ni moja kwa kila mbalamwezi. Analibeba kichwani usiku wote wa giza na mimi nalibeba huku juu, tukikutana kila mtu anafungua daftari lake.

La mbalamwezi hii ni la Richard Réti, alilitunga mwaka 1921. Mweupe: mfalme h8, kitunda c6. Mweusi: mfalme a6, kitunda h5. Mweupe anaanza na anapata sare; neno hilo ni la mtunzi, siwezi kukuficha. Kitunda cheusi kinakimbia na mfalme mweupe yuko hatua mbili nyuma yake. Kitunda cheupe kiko peke yake, na mfalme mweusi yuko karibu kukishika. Ukihesabu mbio ya kwanza, Mweupe amechelewa. Ukihesabu ya pili, amechelewa vilevile. Panga vizibo vinne, uandike tarehe ya leo. Ukishindwa baada ya kikao cha tatu, njoo kijiweni unipe mji.